Padre Alipoikataa Dhambi ya Bibi

Bibi yangu aliniomba nimfundishe kuungama kwa Kiswahili. Hakuomba waziwazi, maana hakuwa mtu wa kuomba, hasa kwangu mimi niliyekuwa nimerudi nyumbani na matokeo ya kidato cha nne ambayo hadi leo sitaki kuyazungumzia. Tulikuwa shambani, Kwaresima, jembe mkononi. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mtu akimpa mtoto titi, kwa Kiswahili mnasemaje?"

"Kunyonyesha, bibi."

"Ku-nyo-nye-sha." Akalirudia mara tatu, akalima shimo zima kabla ya kusema tena. "Neno refu hivyo kwa kazi ndogo hivyo!"

Sisi wa milima ya Mbinga, upande wa Ukata, tunalima ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba mteremko mzima, halafu wanawake tunachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, mpaka kilima kinabaki mashimo matupu yaliyozungukwa na kingo. Kwenye kingo tunapanda maharage. Wakati ule niliichukia kazi ile kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka ishirini, mikono laini ya shule ya bweni, na mdomo mrefu wa kununa. Leo ninaishi kwenye nyumba yenye ua wa saruji, na ikinyesha mvua ya Machi ninakumbuka harufu ya udongo uliogeuzwa juu ya nyasi mbichi, nashindwa hata kula. Naulilia udongo ule, wala sioni haya kusema.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipofunguliwa. Kahawa tuliyozoea kuipeleka kwa chama cha ushirika tu ikaanza kufuatwa mpaka mlangoni na wanunuzi wenye magari madogo. Mitumba ikajaa sokoni Mbinga, nasi wasichana tukajua suruali. Na dini nazo zikaja na magari. Zamani kwetu ukisema kanisa umesema Katoliki, ukiacha wale wakwe zetu wa kando ya Ziwa Nyasa waliokuwa Waanglikana, nao tuliwahesabu kuwa watu wa karibu tu waliokosea njia kidogo. Sasa wakaja wahubiri wenye jenereta.

Jumamosi moja mimi na bibi tulikwenda Mbinga mjini kutafuta jembe. Karibu na stendi alisimama kijana mmoja aliyevaa suti iliyomzidi mikono, kipaza sauti mdomoni. Akamwona bibi na khanga zake mbili na rozari shingoni, akamwelekea moja kwa moja.

"Bibi, umeokoka?" akauliza, na mji mzima ukasikia.

Bibi akajiweka sawa, akamwitikia kwa upole: "Marahaba, mwanangu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Yeye aliona kijana mdogo anamsemesha, na kijana akimsemesha mtu mzima kitu cha kwanza ni shikamoo, kwa hiyo alimwitikia. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, hii imeoza. Mimi nilimshika mkono nikamvuta, uso unaniwaka kwa aibu. Nilimwonea aibu bibi yangu, na hilo nalo niliweke hapa.

Njiani akaniuliza: "Yule mtoto aliniuliza nini hasa?"

"Kama umeokolewa."

"Na nini? Nimezama wapi?"

"Na dhambi, bibi. Kwamba una Mwokozi, si ndiye huyohuyo tunayemwita Mkombozi."

Tukatembea mpaka kwenye kijito. Pale akasimama, jembe jipya begani, akasema kwa Kimatengo, lugha ya kwetu, maana mimi na yeye hatukuwa na lugha nyingine: "Na huyo Mwokozi, anawaokoa wanaojua Kiswahili tu?"

Nilicheka sana. Yeye hakucheka, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza kwa nini.

Sababu ilikuwa hii. Miaka yote bibi aliungama kwa padre mzee, Mzungu aliyezungumza Kimatengo safi kuliko mimi, aliyejua mpaka matusi yetu. Mwaka uliotangulia padre yule aliugua akarudishwa kwao. Tukaletewa padre kijana kutoka mikoa ya kaskazini, mtu mpole mwenye pikipiki, ambaye Kimatengo chake kiliishia kwenye salamu, na hata hizo akizisema watoto wanaziba midomo. Wazee wa kigango chetu wakabaki yatima. Katekista akawaonea huruma, akawafundisha orodha fupi ya dhambi kwa Kiswahili, waikariri: nilisahau sala za asubuhi, nilikasirika, nilisikiliza masengenyo. Basi wote wakawa wanaungama dhambi zilezile. Kuna ajuza mmoja jirani yetu, kiziwi kabisa, hata ngoma hasikii, naye kila mwezi aliungama kwamba alisikiliza masengenyo.

Bibi alikuwa na dhambi moja isiyokuwemo kwenye orodha ya katekista. Hiyo nilikuja kuijua baadaye. Nilichokiona mimi ni kwamba kila siku akiniita shambani anataka neno. Leo anataka "marehemu". Kesho anataka "kutosha". Keshokutwa akaniuliza: kitu unacho, mtu anakihitaji, wewe humpi, mnasemaje?

"Kunyima."

"Kunyima," akasema taratibu. Hakulalamika kwamba ni refu wala fupi.

Mimi nikawa nayaunganisha yale maneno kichwani kama mpelelezi. Siku moja nikashindwa kujizuia. "Bibi, nimeshajua. Umeiba mtoto wa marehemu!"

Alinirushia bonge la udongo, likanipata begani. "Wewe mke mwenzangu, nilikuomba maneno, sikukuomba akili!" Aliniita mke mwenzangu kama bibi zetu wote wanavyowatania wajukuu wa kike, ingawa babu alikuwa amekufa siku nyingi na hakuwa na cha kugombaniwa. Tukacheka wote wawili, tukaendelea kulima. Nikikumbuka mwaka ule, naona siku ile kwanza, bibi amepinda mgongo ndani ya shimo la ngolo, anarudia maneno ya Kiswahili kwa sauti ya chini huku mvua ikijiandaa upande wa Mpepai.

Sasa niseme jambo ambalo kijiji kizima kililijua. Baba yangu hakutoka tumboni mwa bibi. Dada mkubwa wa bibi alikufa akimzaa baba, na bibi, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wiki chache tu kabla, akamchukua yule yatima akamlea. Kwetu mdogo wa mama yako ni mama yako, hakuna maelezo mengine. Baba alimwita Mama, nasi tukamwita bibi, na mtoto wake mwenyewe alikufa mchanga. Padre mzee aliipenda sana habari ile. Kila ilipofika ibada ya kuwaombea akina mama alimnyooshea bibi mkono kutoka altareni: mtazameni mama huyu, alikuwa na maziwa ya mtoto mmoja, akalea wawili. Bibi alikuwa akiinamisha kichwa. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Jumatano ya Juma Kuu bibi akaenda kuungama. Nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye benchi. Alikuwa amevaa khanga yake mpya na njia nzima alikuwa akitikisa midomo. Aliingia, akatoka upesi mno. Hakunitazama. Alinipita akashika njia, nikamkimbilia, na tulipofika kwenye mashamba ya kahawa akakaa chini palepale njiani, kwenye tope, na khanga yake mpya.

"Padre amenikatalia dhambi yangu," akasema.

"Amekukatalia vipi?"

"Nimemwambia yote kama ulivyonifundisha. Akatabasamu. Akasema hiyo si dhambi, ni huruma. Akasema Mungu anibariki." Akapiga tope kwa kiganja. "Huyu naye ni kama yule mzee, alinisifu altareni mpaka nikashindwa kumwambia! Wote wananisifu!"

Nikamwomba aniambie alichosema, neno kwa neno. Akafumba macho, akasema kwa Kiswahili: "Padre, mtoto wa marehemu dada yangu, nilimnyonyesha."

Nikaelewa papo hapo. Maneno mawili niliyompa, moja la kumpa mtoto na moja la kumnyima, yalikuwa yamelala pamoja mdomoni mwake wiki tatu nzima, na alipopiga magoti likatoka lile asilolitaka. Nilijua sasa alichotaka kusema. Nilijua pia mtoto mwenyewe ni nani, maana marehemu dada yake aliacha mtoto mmoja tu.

"Bibi," nikasema, "ulitaka kusema ulimnyima."

Akafumbua macho. Hakukana.

"Kesho utakuja na mimi," akasema. "Utaingia ndani. Nitasema kwa Kimatengo, wewe utamwambia."

"Mimi siwezi!" nilipiga kelele. Nilikuwa na hasira, haki ya Mungu. Baba yangu! Mtu aliyemjengea nyumba ya bati kabla ya kujijengea yeye, asiyekunywa chai asubuhi kabla hajamwamkia. Nikamwambia bibi maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake. Nikamwambia dhambi ya zamani hivyo imeshakufa, aiache ilale.

"Haijafa," akasema. "Nimezeeka mimi, yenyewe haijazeeka. Unajua nimewanyonyesha watoto wangapi wa watu wengine baada ya pale? Wanne. Kila mzazi aliyefariki au kukauka maziwa, niliitwa, nikaenda. Nilidhani wakifika idadi fulani itaondoka. Haikuondoka. Sasa maziwa sina, nguvu sina, na mimi nakaribia kwenda. Nitajiokoa kwa kitu gani?"

Nilimwinua, nikamkung'uta tope, tukarudi nyumbani.

Alhamisi Kuu tukaenda. Padre alishangaa kuniona nimesimama nyuma ya bibi. Nikamweleza: Tumsifu Yesu Kristo, Padre, bibi hajui Kiswahili cha kutosha, ameniomba niwe mdomo wake. Padre akafikiri, kisha akaniambia kwa ukali ambao sikuutegemea kwake kwamba nitakayoyasikia hapa ni ya kuzikwa nayo, sitamwambia mtu. Nikaapa. Na ningekufa nayo kweli, kama bibi mwenyewe asingeyatoa hadharani kabla jua la siku ileile halijazama, kama nitakavyosimulia.

Bibi akapiga magoti. Akaanza, na mimi nikamfuata kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Alisema dada yake alipokufa waliletewa mtoto akiwa amefungwa kwenye kitambaa, na kila alipomtazama alimwona dada yake amekufa. Alisema alikuwa na maziwa ya kuwatosha wawili. Akawaambia watu hayatoshi. Mtoto wake alimpa titi, yule mwingine alimpa maji ya uji, mchana alipolia na usiku alipolia, mpaka ikafika siku akaacha kulia. Kisha homa ikamchukua mtoto wake aliyeshiba, ndani ya siku mbili. Maziwa yakawa yanamdondoka na kulowesha nguo. Ndipo akamwokota yule mwingine.

"Sikumpa kwa sababu nilimhurumia," alisema. "Nilimpa kwa sababu yalikuwa yananiuma."

Nilipofika kwenye neno lenyewe nilisita. Nilitaka kulilainisha. Ningeweza kusema hakumpa vya kutosha, padre angeelewa vyovyote, na baba yangu asingekuwa mtoto aliyekatazwa titi huku lipo. Lakini bibi alikuwa amegeuza kichwa ananisikiliza. Lile neno moja alilijua sasa, alilijua kuliko mimi. Nikasema: "Nilimnyima." Mkalimani husema mimi, hasemi yeye. Basi nilisikia sauti yangu mwenyewe inasema mbele ya padre kwamba nilimnyima, na nikakumbuka pale stendi ya Mbinga nilivyomvuta bibi mkono kwa aibu, na mengine ya shuleni ambayo hayaandikiki. Machozi yakanitoka. Nilidhani nimekuja kumsaidia mwenye dhambi, kumbe tulikuwa wawili.

Padre akauliza kwa upole yule mtoto aliishi au alikufa. Bibi akajibu, nami nikatafsiri: "Aliishi. Ni baba wa huyu anayekutafsiria."

Padre alinitazama, akashusha macho. Bibi, akidhani hajaelewa, akaongeza habari ya wale watoto wanne, mmoja mmoja, mama zao walikuwa akina nani. Padre akamwacha amalize.

"Mama," akasema, "hao wanne ulifanya vema kuwalisha. Lakini usiwabebeshe kazi hiyo, hawakuzaliwa ili wakuokoe wewe. Aliyezaliwa kwa kazi hiyo ni mmoja, na kesho tunamkumbuka alivyoimaliza. Ungeweza kuisema dhambi hii kwa Kimatengo, au ukalia tu. Angekusikia. Yeye anakujua tangu siku ile."

Nikamtafsiria. Bibi akasikiliza, akauliza: "Hata usiku ule mtoto alipoacha kulia? Alikuwepo?"

"Alikuwepo," padre akasema. Akanyoosha mkono akamwondolea dhambi. Malipizi ya dhambi ile akampa sala ya Baba Yetu moja.

"Moja?" bibi akaniuliza kwa sauti. "Mwambie labda hakusikia vizuri!"

Padre alicheka huku anajifuta macho. Moja, akasema, ila aisali taratibu.

Njiani bibi alikuwa mwepesi, aliniacha nyuma kwenye mlima. Mimi nilidhani yameisha. Kumbe kwake yalikuwa yamebaki ya nyumbani. Tulimkuta baba amekaa barazani na mama yangu, jua bado lipo, sahani ya maharage mapajani. Bibi hakungoja hata kuvua khanga. Akasimama mbele yake akamwambia yote, kwa Kimatengo, bila kupunguza. Jirani yetu wa juu alikuwepo, amekuja kuazima panga, naye akasikia.

Baba aliweka sahani chini. Akaondoka akaelekea kwenye kahawa, akarudi giza likiwa limeingia, akalala bila kula.

Kwa miaka yote chakula cha baba kilipikwa na mama, lakini sahani moja ndogo ilitoka jikoni kwa bibi. Ndivyo walivyozoea, na mama yangu alishachoka kununa. Ijumaa Kuu bibi akatuma sahani ile, ikarudi ilivyo. Hatukujua baba amefunga au amekasirika. Jumamosi ikarudi tena, na hapo tukajua. Bibi aliipokea, akaifunika, hakuuliza. Mama akanong'ona kwamba bora bibi angenyamaza tu, Mungu alikuwa ameshamsamehe, haya mengine ya nini? Mimi nilimwendea baba kwenye mibuni. Nilimkuta amekaa chini, mwanaume wa miaka hamsini, amekunja mikono. Nikamwita. Akaniambia, "Niache, mwanangu. Namfikiria yule mtoto." Sikujua anamsema yeye mwenyewe au yule aliyekufa.

Bibi siku ile hakulia. Nilimkuta jikoni kwake akichagua maharage. Nikamuuliza kama anajuta kusema. Akasema hapana. "Mwokozi amenisamehe. Huyu naye ana haki ya kukaa na njaa yake kwanza."

Jumapili ya Pasaka tukaenda misa wote, baba mbele, sisi nyuma. Tuliporudi bibi akaingia jikoni kwake. Alipika ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani ambao wanawake wa Mbamba Bay walituletea, akawaunga kwa nyanya. Watoto wa jirani walishajaa mlangoni na harufu ile. Alipika chakula kingi kuliko desturi. Nilimwona ametoa ile sahani ndogo, akaishika, akairudisha mahali pake. Hakutaka kuituma mara ya tatu.

Ndipo mlango ukatiwa giza. Baba aliinama, akaingia, na katika maisha yangu sikuwahi kumwona akiingia jikoni. Wanaume wa kwetu hawaingii. Akatafuta pa kukaa, akakuta kigoda cha watoto karibu na mafiga, akakikalia, magoti yake yakamfika kifuani. Bibi alisimama na mwiko mkononi, hajui aende wapi.

"Shikamoo, Mama," baba akasema.

"Marahaba."

Baba akatazama moto. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akasema: "Mama, nina njaa."

Bibi alimpakulia kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliijaza sahani hata mchuzi ukamwagika majivuni. Baba akala mpaka sahani ikabaki nyeupe, akamrudishia, akaomba tena. Akampa tena.